Mama Kavu na Ukuta wa Tanuri

Mimi ndiye Mama Kavu. Usijisumbue kuuliza jina nililopewa na wazazi wangu, nadhani hata mama mkwe wangu amelisahau. Mji mzima ulinibandika hili kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni msomaji wa kina cha ziwa. Kila asubuhi natakiwa kwenda kwenye kipimo, yaani ubao wa chuma uliosimikwa ziwani, wenye mistari na namba, niangalie maji yamefika mstari gani, niandike kwenye daftari, halafu nipite ofisini niandike kwa chaki kwenye ubao mweusi ulio nje ya mlango ili kila mwenye haja aone. Kwa miaka kumi na mmoja niliandika neno moja tu. Kavu.

Ziwa lenyewe halikuondoka siku moja. Liliondoka kama mgeni anayeaga mara tatu na bado yupo mlangoni. Kila liliporudi nyuma, tulichukua kipimo kipya tukalifuata. Cha kwanza kilikuwa gatini, mashua zilipokuwa zinafungwa. Cha tano kilikuwa kilomita mbili mbele, katikati ya ardhi iliyopasuka, kando ya dimbwi ambalo bata wenyewe walilidharau, na mwisho hata dimbwi lile likakauka.

Na watu ni watu. Ziwa lilipoondoka, walilifuata nyuma nyuma. Kwanza ukaja uwanja wa mpira, kwa kuwa sakafu ya ziwa ni tambarare hujapata kuona. Zikaja bustani za nyanya. Akaja kinyozi na kioo chake. Zikaja nyumba, moja, mbili, mtaa mzima. Gati lililobaki kule juu, mama mkwe alilitwaa bila kumwomba mtu ruhusa akaanikia nguo.

Mume wangu ni mwoka mikate. Miaka sita iliyopita aliweka kijiko chini katikati ya chakula, akaniangalia usoni. Alikuwa ameona udongo wa ziwani, mzuri kuliko wote kwa matofali ya tanuri, na nafasi pana isiyo na mwenyewe. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua. Litarudi?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Sikulimeza kwanza. Nikasema, "Halirudi."

Akajenga. Alifyatua matofali yale mwenyewe, moja moja, mwaka mzima. Tanuri lake lina tumbo la kuingia mikate mia moja na ishirini, na mlango wake ameutengeneza kwa bamba la boti kuukuu. Mwanamume yule si msemaji, lakini nimewahi kumkuta akilipapasa ukuta tanuri lile, akatoa mkono haraka aliponiona, kama mtu aliyefumaniwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeacha kwenda.

Si uvivu, ingawa mwishoni ulikuwa uvivu pia, siwezi kudanganya. Mimi nilijifunza kuogelea kwenye ziwa lile. Marehemu baba yangu alikuwa ananishika tumbo kwa kiganja kimoja, ananiambia piga miguu. Kwenda kila asubuhi kutazama mahali pale pakiwa pamekufa kuliniumiza. Mwanzoni nilikuwa narudi nikilia. Baadaye nikawa narudi nikiwa na hasira na kila mtu, hata na kuku. Ndipo siku moja nikakaa mezani nikajiuliza, hivi neno ni lile lile, miguu naichosha ya nini? Nikaandika kavu ya kesho. Halafu ya keshokutwa. Ikafika mahali kila tarehe mosi naandika mwezi mzima kwa mkupuo. Na ujanja nilikuwa nao. Siku nyingine peni ya bluu, siku nyingine nyeusi, na kila mwezi namwagia chai kidogo tarehe kumi na saba ili ionekane daftari linatembea. Ubao wa ofisini nao sikuufuta tena. Nilipitisha chaki juu ya herufi zile zile.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka miwili na miezi minne, mtumishi mwaminifu.

Basi, tarehe kumi ya mwezi ule, asubuhi, niko mezani nakunywa chai, mama mkwe akaingia na suruali ya mwanawe. Mama mkwe wangu haingii mahali, anavamia. Akaitandaza suruali juu ya meza, karibu na kikombe changu.

"Mkwe, hebu itazame hii," akasema.

"Suruali, mama."

"Naona ni suruali. Nimezaa aliyeivaa. Mimi nakuuliza matope."

Nikatazama. Pindo lote la chini lilikuwa na tope jeusi, bichi, la kunata. Mume wangu kila asubuhi hupeleka mikate kwa baiskeli kwa wafyatua matofali wanaopiga kambi kule kwenye kipimo cha tano. Njia yote ni vumbi. Ukirudi kutoka huko unapiga chafya mpaka saa sita.

"Labda amemwaga maji ya kukandia unga," nikasema.

"Labda," akasema mama mkwe. Akaichukua suruali yake, akatoka. Akarudi kichwa tu mlangoni. "Tope la unga ni jeupe, mwanangu."

Nilivaa viatu nikatoka. Kwanza nilitembea. Nilipopita uwanja wa mpira nilikuwa nakaza mwendo. Jua lilikuwa kali, mbingu bluu, huku kwetu hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Lakini mbele kabisa, mahali ambapo ardhi na mbingu hukutana, palikuwa na mstari unaong'aa, na mstari ule haukuwepo mara ya mwisho nilipokuja. Wafyatua matofali walinipungia mikono, wamefurahi. Mmoja wao akaniambia mvua inanyesha huko juu milimani wiki ya pili sasa, mto umefufuka, na maji yamewafuata mpaka kwenye tope lao, hawana tena haja ya kubeba ndoo. Wamehama mara tatu tayari, wakichekelea.

Sikuvua viatu. Niliingia na nguo zangu kama nilivyo. Maji yalikuwa ya baridi, yana rangi ya chai ya maziwa, na yalinifika kiunoni nilipokishika kipimo cha tano kwa mikono miwili. Mita moja na sentimita tano. Nilisoma mara tatu. Halafu nikacheka peke yangu, nikajirusha chali, nikapiga miguu kama nilivyofundishwa. Nilifurahi, jamani. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu niolewe, na harusi yangu ilikuwa nzuri.

Nikiwa nimeelea hivyo ndipo nikageuza kichwa upande wa mji, nikaona moshi. Moshi mwembamba, umenyooka, wa tanuri la mume wangu. Ulikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Furaha ikakatika.

Nilimkuta anatoa mikate ya awamu ya pili kwa ule ubao wake mrefu. Hakugeuka.

"Umetoka kuoga?" akauliza.

"Maji yamerudi."

"Najua."

Akapanga mikate sita kwenye rafu, akaipangusa unga, akausimamisha ubao ukutani. Ndipo akanitazama. Kila siku uso wake una utani mahali fulani, kwenye kope au kwenye pembe ya mdomo. Siku ile niliutafuta sikuuona.

"Nilijenga hapa kwa neno lako," akasema. "Sikulaumu, nisikie vizuri. Nataka tu neno jingine. Yatafika hapa?"

Ningeweza kumpa neno. Lilikuwa mdomoni tayari, lile la kitaalamu. Nikalimeza.

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Ili nijue lazima nijue jana yalikuwa wapi, na juzi, na siku ya kwanza. Nijue yanapanda kwa kasi gani. Na daftari langu linasema kavu."

"Linasema kavu mpaka lini?"

"Mpaka tarehe thelathini," nikasema. "Naandika mwezi mzima kwa mara moja. Sijatia mguu huko miaka miwili na zaidi. Nimekudanganya wewe, nimedanganya ofisi, nimedanganya kila mtu anayesoma ubao ule. Ukitaka kunifukuza, nipe nafasi nibadilishe nguo kwanza, hizi zimelowa."

Mikate ikawa inapasuka pasuka ganda kwa kupoa, ile sauti yake ndogo, ndiyo tuliyoisikiliza sote wawili. Kisha akafuta mikono kwenye aproni.

"Njoo huku," akasema.

Nyuma ya tanuri, chini ya kipaa, ndipo anapopanga kuni. Rundo lilikuwa limepungua upande mmoja, na kwenye matofali yaliyoachwa wazi palikuwa na namba zilizochorwa kwa msumari, zimeshuka moja chini ya nyingine. Kumi na nne. Kumi na tisa. Ishirini na saba. Thelathini na nne. Arobaini na nne. Hamsini na tatu. Sitini na tano. Sabini na nane. Tisini na moja. Tisa. Siku tisa.

"Napita pale kila siku na mikate," akasema. "Nikaona nisome. Mistari yenyewe si migumu."

"Na hukuniambia?"

"Siku ya kwanza nilidhani ni dimbwi. Ya nne nikasema utaamka. Ya saba..." Akalitazama tanuri. "Ya saba na mimi sikutaka kujua. Kazi ni yako, nikakuachia."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na ule ubao wa mikate. Sikufanya lolote, maana kichwa kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu. Sentimita tano, nane, saba, kumi, tisa, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu. Na leo kumi na nne. Yalikuwa yanapanda na kasi yake inaongezeka. Kilichobaki kujua ni tanuri liko juu ya maji kwa kiasi gani.

Tukamwita mwashi, rafiki wa mume wangu, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu. Alikuja na mpira wake wa kupimia msawazo, ule mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na maji yanasimama sawasawa pande zote mbili hata mkiwa mbali. Waashi wote wanao. Tukaanzia ukingoni mwa maji, hatua kwa hatua, mimi nimeshika ncha ya chini, mume wangu ya juu, mwashi katikati anaandika kwa penseli na kutusimanga.

"Inua kidogo, bwana mikate. Hapo. Mama Kavu, usitikise. Ningejua utalowa hivi ningekuchagulia jina jingine."

Mara kumi na sita tulihama na mpira ule. Tulipofika kwenye mguu wa tanuri mwashi akajumlisha, akajumlisha tena, akamkabidhi mume wangu karatasi. Mume wangu hakuisoma. Akanipa mimi.

Mita moja na sentimita hamsini na tano.

"Haya," akasema mume wangu.

"Yakitandaa kwenye tambarare yatapunguza mwendo. Siku kumi na mbili," nikasema. "Nikikosea, kumi. Na hayataishia hapa. Yatapita."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa unga umekwisha. Akaenda kumwagia moto maji. Ule mvuke ulipopanda nikalia, na sikujificha.

Kuwaambia majirani kulikuwa kichekesho kitupu. Nilifuta ubao wa ofisini kwa kitambaa cha maji, nikaandika namba, na chini yake: hameni bondeni, mna siku kumi. Watu wakaja kutazama ubao badala ya kutazama ziwa. Kinyozi akasema Mama Kavu amepigwa na jua. Mwingine akaniuliza kama nimebadilisha chaki. Ningewalaumu vipi? Miaka kumi na mmoja niliwafundisha neno moja. Walioniamini ni wale waliomwona mwoka mikate anabomoa tanuri lake. Mtu habomoi kitu kama kile kwa mzaha, wakasema, na wakaanza kufunga virago. Kinyozi alikuwa wa mwisho. Alitoka na kioo kichwani, maji yakimfuata hatua ishirini nyuma, na bado alikuwa anabisha.

Makao makuu nako nilipiga simu. Afisa wa takwimu alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mstaarabu. Nikamwambia nimefuta siku tisa kwa peni nyekundu na nimeandika za kweli.

"Chanzo cha hizo namba mpya?" akauliza.

"Tanuri la mikate."

Nikasikia kiti kinalia upande wa pili. Akasema ataandika, "chanzo: mtu wa karibu," na kwamba barua ya onyo iko njiani, niipokee kwa adabu. Nimeipokea. Iko ndani ya daftari, kwenye tarehe kumi na saba.

Basi tukabomoa. Mwashi analegeza matofali kwa patasi, mume wangu anayashusha, mimi nayapakia kwenye mkokoteni, mama mkwe amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anayahesabu yanayopita na kumkaripia kila anayeyaangusha. Siku ya tatu tukafika nyuma, kwenye rundo la kuni. Nikaanza kuzihamisha mimi mwenyewe.

Nyuma ya kuni ukuta ulikuwa umejaa.

Sikuelewa kwa haraka. Ilikuwa herufi K. K ndogo ya msumari, halafu nyingine, halafu nyingine, safu baada ya safu, na kila baada ya safu chache mstari wa kutenga mwezi. Nilihama na kuni, K zikaendelea. Nikahesabu miezi kwa kidole. Ishirini na minane. Miaka miwili na miezi minne, tangu siku ile ile niliyokaa mezani nikajiuliza miguu naichosha ya nini.

Katikati, kwenye mwezi mmoja, palikuwa na K nane ambazo hazikufanana na zingine. Kubwa, zimepinda, moja imegeuka inatazama nyuma. Mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa bado kwenye ndoo yake.

"Mama, hizi ni za nani?"

"Zipi?" Akanyoosha shingo, akaona. "Aa. Wiki ile mwanangu alikuwa na homa. Ulifikiri nani angekwenda, paka?"

"Kwa miguu? Kilomita mbili?"

"Na mbili za kurudi. Usinipunguzie."

Mume wangu alikuwa ameshika tofali, halishushi wala halirudishi. Nikamuuliza kama wote walijua, tangu mwanzo.

"Ulikuwa unalia ukitoka huko," akasema. "Tukaona acha upumzike. Nikasema nitakushikia nafasi, siku ukitaka kurudi usikute pengo."

"Miaka miwili?"

"Tulidhani itakuwa wiki," akasema mama mkwe.

Nikakaa chini kwenye kuni. Mama mkwe akashindwa kuvumilia.

"Na suruali ile," akasema. "Siku tisa nafua tope kimya kimya nikingoja uulize. Ya kumi nikaona huyu mpaka nimwekee mezani."

Tulimaliza siku ya tisa. Maji yalifika kwenye alama ya tanuri siku ya kumi na tatu, na mume wangu hakunisamehe siku ile moja niliyokosea, alinitania nayo hadi mwezi ukaisha. Yalipita pale, yakapita duka la kinyozi, na kwenye uwanja wa mpira zikabaki nguzo za juu za magoli, bata wamekaa juu yake kama mashabiki. Mtaa mzima wa chini ulizama, na hakuzama mtu.

Tanuri sasa liko kwenye mwinuko ulio juu ya gati. Mwashi aliyapanga matofali kama yalivyomjia mkononi, hivyo K zangu zimetawanyika kila mahali, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kichwa chini. Ile K kubwa iliyogeuka iko juu ya mlango kabisa. Mume wangu anasema ilitokea tu. Mwashi anasema aliambiwa.

Wiki ya saba maji yalikigusa kipimo cha kwanza, kile cha gatini, na kamba za nguo za mama mkwe zikapoteza nguzo mbili. Asubuhi ile nilitoka na daftari. Nilipofika nikamkuta yuko pale tayari, sketi ameikunja magotini, miguu majini, anakodolea mistari.

"Ishirini na mbili," nikasema.

Akainama zaidi, akaweka kidole kwenye chuma.

"Ishirini na mbili na nusu. Wewe unasoma ukiwa umesimama."

Nikashika peni. Nikaandika ya kwake.